Namba ya Mlangoni kwa Mshonaji

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipokwamia: nimesimama dawatini, simu sikioni, mdomo wazi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti. Nitakupa kwa kifupi, maana aibu ikisimuliwa kwa urefu inazaa nyingine.

Nafanya kazi kwenye kituo cha televisheni, dawati la watazamaji. Nina miaka hamsini na mbili, diploma moja, miwani ya kusomea na mtoto mmoja wa kiume. Kazi yangu ni kupokea maoni ya watu na kuyagawa mafungu matatu: waliopenda, waliochukia, na wale ambao hawakuelewa lakini wamekasirika.

Kituo chetu kimetengeneza filamu ya mapenzi. Nyepesi, ya kutazama huku unakunja nguo. Inaitwa Tumekwama Ghorofa ya Sita. Mshonaji amechumbiwa na bwana wa benki. Anakwama kwenye lifti na kijana mmoja fundi wa kupaka rangi, saa mbili nzima. Mlango unapofunguka ameshampenda yule mpaka rangi, na pete ya bwana wa benki anaiacha mapokezi ndani ya bahasha. Muziki, watu wanapiga makofi, mwisho.

Wakati wa kupiga picha, mwongozaji alitaka namba ya simu ya kuandika kwenye mlango wa duka la mshonaji. Sisi huwa hatuandiki namba ya kubuni, kwa sababu kila namba ya kubuni ina mwenyewe, na mwenyewe huja na wakili. Mimi kwa kimbelembele changu nikasema, "Andika ya dawati langu. Itaonekana sekunde tatu tu, nani ataikumbuka?"

Waliikumbuka.

Walipiga waliotaka kupunguziwa suruali. Walipiga waliotaka kumposa mshonaji. Na mimi, kwa kupenda mzaha, siku moja nikaibana sauti ikawa nyembamba kama uzi, nikajibu, "Dukani hapa, karibu!" Hiyo ndiyo dhambi ya kwanza.

Ya pili ni binti mmoja aliyekuwa akipiga kila siku saa saba mchana, wakati wa chakula. Jina hakusema. Alimwamini mshonaji kabisa. Alisema mchumba wake ni mtu mwema ila kila kitu kwake ni kichekesho, neno la maana halimtoki. Nikampa ushauri, kwa sauti ileile ya uzi: "Mnyamazie siku nne, mdogo wangu. Akikutafuta kwa neno la maana, olewa. Akikutafuta kwa vichekesho, fanya kama mimi. Pete kwenye bahasha."

Siku ya pili ya hizo nne nikamuuliza, kwa umbea tu, mchumba anafanya kazi gani.

"Fundi wa lifti," akasema. "Anasema ile lifti ya kwenye filamu yenu yeye angeifungua kwa dakika kumi na bisibisi moja."

Maneno hayo niliyasikia Jumapili, mezani kwangu, yakitoka mdomoni mwa mwanangu.

Harusi yao ni Jumamosi ijayo.

Najua mnachotaka kuuliza. Mama, hukuijua sauti ya mkweo? Jamani, yule binti anaishi mji mwingine, anafanya kazi duka la dawa. Tumeonana mara mbili. Na kila tukiongea kwenye simu huwa ni "shikamoo mama", "ndiyo mama", "asante mama". Kwa maneno sita utamjua nani? Yote alimwambia mshonaji. Mimi mama mkwe aliniambia sita.

Haya, tuendelee.

Jioni ile ile mwanangu akaja kwangu.

"Shikamoo bi mkubwa. Hapa kuna chakula au niende kwa mama mwingine?"

"Marahaba. Mama mwingine yuko likizo. Kaa."

Hakukaa. Akafungua friji, akafunga. Akasimama dirishani. Akarudi, akafungua friji tena kama vile mayai yangebadilika rangi.

"Mama, mkweo amenuna au amepoteza simu? Siku ya pili hii."

"Umemwandikia nini?"

Akatoa simu, akasoma kwa sauti ya mtangazaji. "'Hapa ni kampuni ya kutafuta wachumba waliopotea. Wetu ana kimo cha wastani na hasira za kati. Atakayemwona asimsogelee akiwa na njaa.'"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikavua miwani.

"Ngoja hii. 'Kama umekwama kwenye lifti niambie ghorofa tu, ufunguo ninao.'"

Nikacheka tena. Halafu nikakumbuka kwamba kila kichekesho kinachonichekesha mimi kinamsogeza yule binti kwenye bahasha, cheko likanikauka.

"Baba," nikamwambia, "mwandikie la maana."

"La maana kama lipi?"

"Vile unavyojisikia."

"Najisikia njaa."

"We mtoto!"

"Mama, unaumwa? Nikupeleke hospitali?"

Ningeweza kumwambia wazi. Zimebaki siku mbili, mwanangu, andika. Lakini ningemwambia nimejuaje? Na hata ningevujisha mtihani, neno la maana aliloandikiwa na mama yake lingekuwa la nani?

Nikajaribu njia nyingine. "Niambie ukweli. Unaogopa kumkosa?"

Akaacha kuchezea kijiko. Akakitazama kama kimeandikwa kitu. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Jicho langu linaona haraka, ndilo linaloniponza. Lile neno lilikuwa limefika mlangoni kabisa, linavaa viatu.

Kimya kikanizidi uzito. Na mimi kimya sikiwezi.

"Maana usipooa," nikasema, "lile gauni langu jipya nitalivaa wapi, sokoni?"

Akacheka. Alicheka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Utavaa ukienda kuchota maji," akasema, akala, akaosha sahani yake, akaondoka akipiga mluzi.

Lile neno lilirudi ndani likafunga mlango, na aliyelifukuza ni mimi.

Asubuhi, siku ya tatu, nilikuta dawatini maoni mia moja na arobaini.

"Huyu mshonaji mbona filamu nzima hajatunga hata uzi?"

"Bwana wa benki ana suruali moja tu. Hii benki ipo kweli?"

"Mvua imenyesha upande mmoja wa barabara. Upande wa pili wamekosa nini?"

"Mimi na mume wangu tumetazama pamoja. Kwa mara ya kwanza mwaka huu tumekaa kochi moja. Asanteni."

Huyu wa mwisho nilimweka juu ya fungu la waliopenda. Kwa kawaida angenifurahisha siku nzima. Siku ile nilimsoma mara nne bila kuelewa, nikitazama saa ya ukutani. Nilikunywa chai vikombe vitatu. Nilipanga mafungu, nikayachanganya, nikayapanga upya.

Saa saba kasoro dakika tatu nikaamua. Liwalo na liwe. Nitampigia mimi mwenyewe, kwa simu yangu, kama mama mkwe, nimsemeshe kama mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Kazini salama?"

"Ndiyo mama."

"Na... nyumbani?"

Hapo akakawia. "Nyumbani baba hajisikii vizuri, mama. Ni muda sasa. Nilitaka..."

Nilitaka. Amevuka maneno sita! Mlango huo umefunguka, ingia mama!

Lakini "baba hajisikii vizuri" lilinishika kifuani kwa ghafla, na mimi nikishikwa kifuani mdomo unakimbia wenyewe. "Pole mwanangu," nikasema. "Mwambie asijisingizie ugonjwa ili asicheze siku ya harusi. Nimeshamweka kwenye orodha ya wachezaji!"

"Hee," akasema yule binti. Si cheko. Ni ile pumzi mtu anayomlipa mkubwa kwa heshima. "Sawa mama. Asante mama."

Akakata.

Sikuwa nimeiweka simu yangu chini, ya dawati ikaita. Saa saba kamili.

Nikaitazama. Ikaita. Nikajisemea usipokee. Nikapokea.

"Dada mshonaji?"

"Dukani hapa," nikasema kwa uzi wangu.

"Dada, mama yake amenipigia sasa hivi." Sauti ilikuwa ya mtu aliyejifungia mahali. Nilisikia maboksi. "Nilitaka kumwambia habari za baba. Daktari amesema wazi, dada. Hatafika mbali. Hiyo harusi tunaiwahisha kwa ajili yake, ila hakuna anayejua."

"Mchumba wako hajui?"

"Nilimwambia. Mwezi uliopita. Unajua alifanya nini? Akamuigiza yule daktari. Anavyotembea, anavyoshika kalamu. Nikacheka, dada. Nilicheka kabisa. Halafu nikaenda chooni kulia. Nilipotoka akaniuliza kama nilikuwa namtafuta daktari humo."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Sasa leo na mama yake vilevile. Mwema, sina neno naye, mama mwema kabisa. Lakini ile familia ni kama lifti yenu. Unaingia na shida yako, mlango unajifunga, muziki unapiga. Nitazaa humo? Nitazikia humo? Kesho siku ya nne. Bahasha nimeshanunua."

"Mdogo wangu, ngoja kwanza," nikasema, na uzi ukaanza kunikatika. "Usiharakishe. Mimi filamu yangu..."

"Wewe ulisema siku nne."

"Nilisema, lakini..."

"Basi. Kesho nitakupigia unitie moyo, halafu naituma."

Simu ikakatika. Nikageuka. Mlangoni kwangu amesimama mkuu wa vipindi.

Huyu mama tunamwita Bi Ratiba. Mwembamba, mrefu, anatembea na kalamu mbili kichwani. Hakuna anayejua ya pili ni ya nini. Kuta za ofisi yangu ni mbao, na mbao hazina siri.

"Dukani hapa, karibu," akasema, akiiga uzi wangu.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Usaha wangu ulikuwa umeiva. Nikaanza kukusanya miwani yangu nikijua ndiyo barua ya kufukuzwa.

"Kwa muda gani?" akauliza.

"Wiki tatu, bibi."

"Wanapiga wangapi?"

"Kwa siku? Ishirini. Thelathini."

Akakaa. Akatoa kalamu moja kichwani. "Watazamaji thelathini kwa siku wanampigia mtu ambaye hayupo, na mimi naambiwa kwenye mkutano hakuna anayejali filamu zetu! Kesho kipindi cha maoni, saa saba mchana, moja kwa moja. Wewe ndani ya studio, sauti hiyohiyo. Mshonaji anapokea simu."

"Bibi, hapana."

"Hapana?"

"Kuna mambo ya watu pale. Ya ndani."

"Hawatataja majina wala mitaa. Wanaambiwa kabla kwamba wako hewani. Asiyetaka anakata." Akainuka. "Au tuanze kuulizana nani alikuruhusu kujifanya mshonaji wa kituo kwa wiki tatu?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi niliingia na ndoo.

Siku ya nne sikuweza kukaa. Nilipanda ngazi, nikashuka. Nilimpigia mwanangu mara tano. Hakushika. Mchana huwa yumo ndani ya shimo la lifti, simu anaiacha kwenye begi. Nikamwandikia: "Mwambie mwenzio unavyoogopa. Leo. Kabla ya saa saba." Nikaisoma. Nikaongeza, "Usipofanya hivyo nitakuja na mwiko." Nikaituma na mwiko wake. Unaona ugonjwa huo?

Saa saba kasoro dakika tano nikamvuta pembeni fundi mitambo, kijana mstaarabu, ndiye anayepitisha simu za dawati langu kutoka nyuma ya kioo.

"Kaka, nakuomba kama ndugu. Kuna binti atapiga saa saba kamili. Usimpitishe."

"Yule wa siku nne?" akasema. "Mama, Bi Ratiba kasema huyo huyo ndiye mgeni wetu mkubwa. Ameshapiga, kanieleza habari zake. Nimemwambia atakuwa hewani, amekubali."

"Amekubali?"

"Amesema mchumba wake mchana hatazami televisheni."

Taa nyekundu ikawaka.

Alitangulia bwana mmoja mwenye hasira za mvua. "Mimi naishi upande wa pili wa barabara," akasema. "Kwa nini hatukunyeshewa?" Nikamwambia kwa uzi wangu kwamba mpiga picha alikuwa na ndoo moja tu. Watu studio wakacheka. Nyuma ya kioo Bi Ratiba akainua dole gumba.

"Simu inayofuata," nikasema.

"Dada mshonaji. Ni mimi."

"Karibu, mdogo wangu."

"Leo ndiyo siku ya nne. Ameniandikia vichekesho kumi na tisa. Vizuri vyote, sikatai. Cha asubuhi kinasema anauza kitanda cha watu wawili, sababu ya kuuza, mmoja ameyeyuka." Hakuna aliyecheka studio. "Nimeweka pete kwenye bahasha. Nataka tu uniambie nimefanya sawa, kama wewe."

"Mdogo wangu, usitume."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni wa kwenye filamu. Ile imeandikwa na mtu kwenye karatasi. Bwana wa benki pete aliirudisha dukani, akaenda nyumbani kwa mke wake wa kweli. Hakuna aliyeumia."

"Lakini ulinishauri."

"Nilikushauri ujinga!"

Uzi ulikuwa umekatika. Ilitoka sauti yangu, nene, ya mama wa watu. Bi Ratiba akashtuka. Fundi mitambo akanitazama juu ya mitambo yake.

Upande wa pili maboksi yakasogezwa. Kisha, polepole, "Wewe ni nani?"

Wasomaji wangu, nilikuwa na njia tatu za kutoka pale. Zote tatu zilikuwa za kuchekesha.

"Mwanangu," nikasema, "mimi si mshonaji. Hata kifungo siwezi kushona. Mimi ndiye niliyekupigia jana kwa simu nyingine, ukanieleza baba yako anaumwa, nikakuletea habari za kucheza. Huyo unayeoana naye ni mwanangu. Sikujua. Nilipojua, ilikuwa siku ya pili, na nikaogopa."

Nyuma ya kioo watu wameganda.

"Mama?" akasema.

"Ndiyo mwanangu."

"Yote niliyokuambia wewe... siku zote zile..."

"Nimeyasikia yote."

"Na habari za baba."

"Na za baba. Na ya lifti na muziki. Ni kweli. Hujakosea hata neno."

"Ulinisikiliza vizuri sana ulipokuwa mtu mwingine," akasema. Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Hapo ndipo taa ya laini ya pili ikaanza kuwaka. Fundi mitambo akapokea, akasikiliza, akafunika kipaza sauti kwa mkono, akamwambia kitu Bi Ratiba. Wakatazamana. Akaninyooshea kidole, akapitisha.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya mwanangu.

"Niko kazini, mapokezi," akasema. "Tulikuja kuomba maji ya kunywa, tukakuta televisheni imewashwa. Watu wote hapa wananitazama."

Nilingoja kichekesho. Mahali hapo pana nafasi ya vichekesho vitano, namjua, nimemzaa. Hakikuja hata kimoja.

"Mpenzi," akasema, "upo?"

"Nipo," akasema binti.

"Usikate. Nina la kukuambia, ila nikianza na wewe nitaharibu. Nianze na mama."

"Nasikiliza," akasema yule binti.

"Mama, siku baba alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Watu walikuwa wanalia sebuleni. Mimi kilio kilikuwa kimefika hapa, kwenye koo. Ukanivuta jikoni, ukafunga mlango, ukaniigizia shangazi anavyolia huku anatafuta miwani yake, na ameikalia. Nikacheka mpaka nikashika meza. Kikapanda tena, ukaigiza jirani. Kikapanda tena, ukaigiza fundi aliyeleta jeneza. Kila kikipanda ulikuwa na kingine. Siku nzima, mama. Wiki nzima."

Mikono yangu ilikuwa juu ya meza ya studio. Niliitazama kama si yangu.

"Sijawahi kumlilia baba. Mpaka leo. Mwenzangu aliponiambia baba yake anakufa, kikapanda kilekile, pale pale. Na mimi sikujua kingine cha kufanya. Nikaigiza daktari." Akavuta pumzi. "Sikulaumu. Nataka kujua tu. Kwa nini hukuniacha nilie?"

Nilikumbuka lile jiko. Nilikumbuka mpaka taulo lililotundikwa nyuma ya mlango. Miaka yote nimekuwa nikilisimulia kama jambo jema nililowahi kufanya: kwamba siku ile mtoto wangu alicheka.

Kichekesho kilikuja. Kilikuja kimevaa vizuri, kimechana nywele, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitoa. Kingetuokoa sote. Studio ingelipuka, mwanangu angecheka kwa mazoea, Bi Ratiba angepata kipindi chake.

"Mama, mjibu," akasema yule binti. "Na mimi nataka kujua. Ndiyo nyumba ninayoingia."

Nikakimeza. Kilishuka kikinikwaruza kama mfupa wa samaki.

"Kwa sababu," nikasema, "kama ungeanza wewe, mwanangu, mimi nisingeweza..."

Sauti ikakatika. Si mitambo. Ni mimi.

Kimya hewani kwetu ni kosa. Zikipita sekunde kumi fundi mitambo anatakiwa kuweka tangazo la sabuni. Nilimwona akihesabu. Nilimwona akipeleka mkono kwenye kitufe. Bi Ratiba akaushika ule mkono, akaushikilia.

Kisha nikasikia, kutoka mapokezi ya jengo nisilolijua, mbele ya watu waliokuja kuomba maji, mwanangu wa miaka ishirini na tisa akianza kulia. Kwanza kama mtu anayekohoa. Halafu wazi.

Sikumwigizia mtu yeyote. Nilikaa nikasikiliza, machozi yakidondoka juu ya maoni ya watazamaji.

Alilia mpaka akaweza kusema. "Mpenzi," akaita. "Naogopa kukukosa. Naogopa sana. Umenisikia?"

Tukangoja.

"Umenisikia?"

Nikainua macho kwenye kioo. Taa ya laini ya pili ilikuwa inawaka. Ya kwanza, ya yule binti, ilikuwa imezimika, na fundi mitambo alikuwa akitikisa kichwa, akinionyesha kwa vidole kwamba hata yeye hajui imezimika tangu lini.